Bunduki Ina Kutu, Inakwama au Hailii: Anza na Mafuta Uliyopaka

Mtu mwenye leseni ya silaha hapa Mombasa akiniambia bunduki yake imeharibika, namuuliza kwanza: uliipaka nini, na lini? Mara nyingi jibu lake ndilo ugonjwa wenyewe. Chuma ni kizima, springi ni nzima, lakini mafuta ni ya kupikia, au ni ya kulegezea skrubu, au ni mazuri kabisa ila yamepakwa juu ya chumvi. Mwongozo huu unakwenda kwa dalili. Tafuta ile unayoiona kwenye silaha yako, kisha usome chanzo chake.

Kabla hujagusa kitambaa, toa magazini, vuta nyuma bolti au slaidi, kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma, tazama kwa macho ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kisha uhakikishe kwa kidole. Kama ni bunduki ya marisau ya kukunja, ifungue kwa kuikunja na uache mitutu wazi. Risasi zote ziende chumba kingine, zisiwe juu ya meza ya kazi. Fungua madirisha, na asiwepo mtu anayevuta sigara, kwa sababu mafuta ya taa na spiriti hushika moto upesi. Fungua vipande vile tu ambavyo kijitabu cha silaha kinamruhusu mwenyewe kuvifungua. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi mwenye kibali chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Usimkabidhi silaha yako jirani kwa kuwa tu anajua vyuma, hata kama anavijua kweli.

Hewa ya hapa inafanya nini

Hili nitalieleza kwa kirefu kidogo, maana asiyelielewa atabadilisha chupa za mafuta kila mwezi bila kupona.

Chuma cha kawaida huanza kushika kutu kwa kasi pale unyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 60. Mombasa hewa iko juu ya hapo karibu mwaka mzima, na usiku hupanda zaidi. Hilo peke yake lingetosha, lakini kuna chumvi. Chumvi ya kawaida ikifika kwenye unyevu wa asilimia 75 hivi huvuta maji kutoka hewani mpaka yenyewe ikayeyuka. Ndiyo maana kibakuli cha chumvi jikoni hulowa wakati wa masika. Chumvi ya bahari ni mbaya zaidi, kwa sababu ndani yake mna kloridi ya magnesi, nayo huvuta maji hata unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Kwa hiyo punje ya chumvi ya bahari iliyotua kwenye mtutu wako haikauki kamwe. Imekaa pale usiku na mchana kama tone la maji ya chumvi, ndogo kiasi kwamba huioni, na inakula chuma.

Upepo wa kusi ukivuma, chumvi hiyo huingia nyumbani Nyali, Likoni na Mji wa Kale hata madirisha yakiwa yamefungwa. Jasho la mkono nalo ni maji ya chumvi.

Mafuta basi yana kazi mbili hapa: kulainisha mahali vyuma vinaposuguana, na kuziba chuma kisiguswe na maji. Vitabu vingi huanza na ya kwanza. Kwa mtu wa pwani, mimi naanza na ya pili. Bunduki ya mwenye leseni wa kawaida hufyatuliwa mara chache kwa mwaka, lakini hukaa kabatini kila siku.

Kutu inarudi siku chache baada ya kupaka mafuta

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi, na ina vyanzo vingi. Vifuate kwa mpangilio huu.

Kwanza tazama kutu imekaa kwa umbo gani. Chukua taa, uilaze karibu na chuma ili mwanga upite kwa ubavu. Kutu ya vidole hujionyesha waziwazi: utaona alama ya kidole gumba juu ya slaidi au karibu na kifuniko cha chemba, mistari yote ikisomeka, rangi ya chungwa. Hapo mafuta hayana kosa. Silaha ilishikwa baada ya kupakwa, ikarudishwa bila kufutwa. Dawa yake ni kitambaa chenye mafuta kidogo kikae ndani ya kabati, na mkono wa mwisho kugusa chuma uwe umeshika kitambaa hicho.

Kama kutu ni vidoa vidogo vilivyotapakaa, na vinarudi palepale ulipovisugua, chumvi imebaki chini. Mafuta hayayeyushi chumvi. Maji ndiyo huiyeyusha. Ukipaka mafuta juu ya chumvi umeifunika tu, na tone lake la maji limebaki ndani likiendelea na kazi. Wavuvi wetu wanalijua hili kwa vyombo vyao: hakuna apakaye deheni kabla ya kukwangua na kuosha ubavu wa chombo.

Ushahidi wake uko karibu. Merikebu ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, na kati ya mwaka 1977 na 1980 wanaakiolojia waliizamia na kutoa vitu vyake. Chuma kinachotoka baharini namna hiyo hakipakwi mafuta na kuwekwa kabatini. Huloweshwa kwa muda mrefu kwenye maji yenye dawa mpaka chumvi itoke, la sivyo hupasuka na kumeguka vipande mbele ya macho yako kikiwa kikavu kabisa. Bunduki yako haijazama, lakini kanuni ni ileile.

Kwa hiyo osha kwanza. Futa mafuta ya zamani kwa spiriti. Kisha chukua kitambaa cha fulana kuukuu kilicholoweshwa maji moto safi, si ya kisima cha chumvi, ukikamue, ufute chuma chote cha nje, ukibadilisha kitambaa mara mbili au tatu. Kausha papo hapo kwa kitambaa kikavu, kisha kwa hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele kama unayo. Chuma kikiwa bado kina joto kidogo, paka mafuta. Watu huogopa maji kwenye bunduki. Maji yaliyokaushwa hayana madhara, chumvi iliyoachwa ndiyo yenye madhara.

Kama kutu inatokea ndani ya mtutu baada ya kufyatua, uliza umri wa risasi zako. Risasi za zamani, hasa za kijeshi, zilikuwa na fataki (kile kidude cha kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti) zenye klorati ya potasi, na zikilipuka huacha kloridi ya potasi ndani ya mtutu, ambayo ni chumvi kama nyingine. Askari wa King's African Rifles waliobeba Lee-Enfield waliishi na tatizo hilo. Ndani ya kitako cha bunduki ile mlikuwa na kichupa cha mafuta na kamba ya kuvutia kitambaa, lakini dawa iliyosaidia hasa ilikuwa maji yanayochemka yaliyomiminwa kwenye mtutu kabla ya mafuta. Risasi nyingi za kisasa hazina shida hii. Ukiwa na shaka, osha kwa maji moto, kausha, halafu paka.

Chanzo kingine ni ala ya ngozi. Ngozi hutengenezwa kwa chumvi na asidi za magome, na inanyonya jasho. Bastola inayolala ndani ya ala ya ngozi Mombasa itashika kutu hata ukipaka mafuta bora duniani, na kutu hiyo utaiona upande ule ule unaogusa mwili. Mifuko ya sponji nayo hushika unyevu. Ala ni ya kubebea. Usiku silaha ilale peke yake kabatini.

Kuna pia kutu ya kiyoyozi. Silaha imekaa chumba cha baridi, unaitoa nje saa sita mchana, hewa ya joto inakutana na chuma baridi, na chuma kinatoka jasho kama glasi ya maji ya barafu. Iache ndani ya mkoba wake uliofungwa mpaka ipate joto la nje, ndipo uifungue.

Ukishapita yote hayo na kutu bado inarudi, sasa laumu mafuta. Mara nyingi utakuta ni WD-40. Dawa hiyo ilibuniwa San Diego mwaka 1953, na herufi zake zinasema kazi yake: kufukuza maji. Inafanya hivyo vizuri, na mimi huitumia bunduki ikinyeshewa. Lakini sehemu kubwa ni kiyeyushi kinachoruka hewani, na utando unaobaki ni mwembamba mno kwa hewa ya bahari. Ipulizie kufukuza maji, ifute yote, halafu paka mafuta yenyewe. Mafuta ya cherehani ni safi, hayagandi, na yanalainisha vizuri sana, lakini kwa kawaida hayana dawa ya kuzuia kutu. Kwa mtu wa Nairobi yanatosha. Kwa mtu wa Bamburi, yatie kwenye pini na vifundo vya ndani, nje tafuta kingine.

Jaribu mwenyewe kwa misumari

Badala ya kubishana juu ya chupa, fanya hivi. Nunua misumari ya kawaida isiyopakwa zinki. Ioshe kwa sabuni, uikaushe, uipitishe msasa laini, kisha uifute kwa spiriti. Kila msumari upake mafuta tofauti na kuufuta kama unavyofuta bunduki, na mmoja uache bila kitu. Ifunge nyuzi na uitundike barazani upande unaopata upepo wa bahari, pasiponyeshewa mvua. Andika jina la mafuta kwenye kipande cha karatasi juu ya kila uzi.

Ule usiopakwa utabadilika rangi kwanza. Baada ya hapo uangalie kila asubuhi, na ukitazama, tazama chini ya kichwa cha msumari, pale kwenye kona, maana ndipo utando unapokatika mapema. Jaribio hili halisemi lolote juu ya kulainisha. Linasema tu ni mafuta gani yanabaki juu ya chuma kwenye nyumba yako, na hewa ya nyumba yako haifanani na ya mtu wa Changamwe.

Bolti au slaidi inakwenda kwa uzito

Fungua, utazame rangi. Ukikuta utando wa rangi ya asali, unaonata kwenye kidole, hayo ni mafuta yaliyoganda. Mafuta ya mimea kama ya simsim au ya alizeti hukutana na hewa na polepole hugeuka gundi. Sifa wanayopaka kwenye majahazi ni mafuta ya samaki, nayo hukauka hivyohivyo. Inafaa mbao za chombo kwa sababu hiyohiyo inayoifanya isifae bunduki.

Mafuta ya nazi yana hila yake. Huganda kwenye joto la nyuzi 24 hivi. Mchana wa Mombasa ni maji, lakini yapeleke Nairobi au Taita alfajiri yawe meupe na mazito. Mzee mmoja alimlalamikia fundi kwamba bunduki yake ya shambani "inaogopa bara".

"Mzee wangu, unaipaka nini?"

"Nazi, mwanangu. Baba yangu alipaka nazi."

"Na marehemu baba alikuwa akiisafisha kila baada ya siku ngapi?"

"Kila Ijumaa."

Jibu lilikuwa hapo. Mafuta yanayofutwa na kupakwa upya kila wiki hubaki utando mwembamba na safi. Yanayoachwa miezi sita hushika uchafu, na baridi ya bara ikiyagandisha, bunduki inakwama.

Kuyatoa, tumia mafuta ya taa na mswaki wa zamani, taratibu, mpaka rangi ya asali iishe. Futa. Usiyaache mafuta ya taa yenyewe kama kinga, kwa sababu hayalindi chuma. Kausha, kisha paka mafuta ya madini au ya sintetiki. Vitambaa vilivyolowa vitandaze nje vikauke, usivifinyange na kuvitupa kwenye pipa. Vyenye mafuta ya kitani ya kupakia mbao vinaweza kuwaka vyenyewe.

Ikiwa utando si wa asali bali ni mweusi na una punje, huo ni mchanga na masizi ya baruti yaliyoshikwa na mafuta mengi. Ukiusugua kati ya vidole utasikia ukwaruzo. Huo ni msasa, na kila ukikoki bunduki unasaga reli, zile njia ambamo slaidi hupita. Safisha yote na upunguze mafuta. Kwa silaha inayobebwa mchangani, utando usioonekana kwa macho ila unaosikika kwa kidole unatosha.

Unavuta kifyatulio, inagonga tu, haikulia

Hapa usalama kwanza, mafuta baadaye. Mtutu ubaki umeelekea mahali salama. Subiri sekunde 30 kamili bila kufungua, kwa sababu fataki inaweza kuchelewa kuwaka. Ndipo utoe risasi. Kama ilitoa sauti hafifu isiyo ya kawaida, usifyatue nyingine kabla ya kuhakikisha mtutu hauna kitu kilichokwama ndani.

Sasa tazama kitako cha risasi iliyokataa. Fataki ina alama ya kina ya pini inayoigonga? Kama ipo, pini imefanya kazi yake na kosa liko kwenye risasi, na mara nyingi mafuta yamehusika. Mafuta mepesi, hasa yale ya kulegeza skrubu zilizoshika kutu, yana tabia ya kujipenyeza, na yanaweza kupita ukingo wa fataki na kuiua. Risasi zisipakwe mafuta kamwe, na zisikae ndani ya magazini iliyolowa. Magazini isafishwe na kufutwa mpaka iwe kavu. Springi yake inaweza kuachiwa utando mwembamba sana dhidi ya kutu, lakini pasibaki kitu cha kutiririka.

Kama alama ya pini ni hafifu, pini imechelewa. Njia ya pini imejaa grisi au mafuta mazito, na pini inakwenda kana kwamba imo kwenye uji. Njia hiyo inapaswa kuwa karibu kavu. Kwenye bastola nyingi za kisasa kijitabu kinasema waziwazi usitie mafuta humo. Kama kuisafisha kunahitaji kufungua zaidi ya unavyoruhusiwa, mpelekee fundi mwenye kibali.

Moshi mwingi, na risasi ya kwanza inakwenda kando

Umeacha mafuta ndani ya mtutu. Kwa kuhifadhi ni sawa, na hapa pwani ni lazima, lakini kabla ya kufyatua pitisha kitambaa kikavu mpaka kitoke kikavu. Mafuta machache huleta moshi na kupotosha shabaha ya kwanza. Mafuta mengi au grisi iliyojaa mtutuni ni hatari, kwa kuwa ni kizuizi mbele ya risasi na yanaweza kuvimbisha mtutu.

Chemba nayo iwe kavu. Watu hudhani wakiipaka mafuta ganda la risasi litatoka kwa urahisi. Baruti ikilipuka, ganda hutanuka na kushika kuta za chemba, na hivyo kupunguza nguvu inayosukuma bolti nyuma. Ukilainisha kuta, ganda halishiki na mzigo wote unaangukia bolti. Ganda likigoma kutoka, tafuta uchafu au mashimo ya kutu ndani ya chemba. Mashimo hayaponywi na mafuta.

Reli zinang'aa, rangi imelika, vyuma vinakwaruzana

Kungʼaa kidogo pale sehemu mbili zinapokutana ni kawaida. Mikwaruzo unayoisikia kwa ukucha si kawaida. Mafuta ni mepesi mno kwa mzigo ule, au yametiririka yakakusanyika chini. Mombasa mafuta mepesi hutiririka upesi kwa sababu ya joto, hasa silaha ikiwa kwenye gari lililoegeshwa juani.

Hapa grisi ina nafasi yake. Reli za slaidi, ndoano za kufungia za bunduki ya kukunja na pini yake kubwa hupenda grisi kidogo, kiasi cha kichwa cha kiberiti kilichosambazwa. Vifundo vidogo, pini nyembamba na sehemu za kifyatulio hupenda mafuta mepesi, tone moja kwa ncha ya kijiti. Grisi ya lithiamu ya namba 2, ile ya beringi kwenye maduka ya vipuri, inafanya kazi kwenye reli bila shida. Grafaiti ya unga siitaki kabisa pwani. Ni kaboni, na ikikaa kati ya aluminiamu na chuma penye unyevu wa chumvi huharakisha ulikaji.

Mbao ya kitako imekuwa nyeusi na laini karibu na chuma

Dalili hii watu huiona wakiwa wamechelewa. Bunduki imepakwa mafuta mengi, ikasimamishwa kabatini mtutu juu. Mafuta yanashuka taratibu kupitia mitambo na kuingia mahali kichwa cha mbao kinapokutana na chuma. Nyuzi za mbao hulegea, rangi inakuwa nyeusi, na mwishowe kitako hupasuka bunduki ikifyatuliwa.

Baada ya kupaka mafuta, ilaze au isimamishe mtutu chini juu ya kitambaa kwa siku moja, kisha ufute kilichochuruzika. Mbao iliyokwisha kulainika inyonywe mafuta na fundi kabla haijapasuka.

Plastiki imepoteza rangi, au shaba imekuwa ya kijani

Plastiki na rangi huharibiwa na petroli, thina na mafuta ya breki. Vitu hivi visiikaribie silaha hata kwa kusafishia. Shaba ya kijani ni mambo ya asidi na unyevu: risasi zimekaa kwenye mkanda wa ngozi, au dawa ya kutoa shaba mtutuni, ambayo mara nyingi ina amonia, imeachwa muda mrefu kuliko ilivyoandikwa. Zitoe risasi kwenye ngozi, na dawa ya amonia ifutwe kwa wakati wake.

Basi ununue nini

Kama ni chupa moja tu, nunua mafuta ya bunduki yaliyotengenezwa kusafisha, kulainisha na kuzuia kutu kwa pamoja, yale yanayoandikwa CLP. Jeshi la Marekani lina kiwango chake kwa mafuta ya aina hiyo, MIL-PRF-63460, na ukiona namba hiyo kwenye chupa unajua yanalenga kazi zote tatu. Ongeza kopo dogo la grisi. Kwa wengi hiyo inatosha.

Ukikosa, oili mpya ya injini ya sintetiki si mbaya. Inavumilia joto, ina dawa za kuzuia kutu, na haigandi. Oili iliyokwisha tumika ni habari nyingine kabisa. Ina asidi kutoka kwenye moto wa injini, unga wa chuma, na kemikali zinazosababisha saratani zikigusa ngozi mara kwa mara. Najua gereji nyingi huigawa bure. Ikatae.

Kwa silaha itakayokaa miezi bila kuguswa, mafuta mepesi hayafai hata yawe ya bei gani. Nje paka grisi nyembamba au nta ya mikrokristalini, ile inayotumiwa kwenye makumbusho, ambayo haitiririki na haiachi alama ya kidole. Vaselini iliwahi kutumika sana kwa kazi hii na bado inafaa ndani ya nyumba, lakini kwenye joto la gari inayeyuka na kushuka yote chini. Weka vifuko vya silika ndani ya kabati, na uvikaushe kwenye jiko la joto dogo vikijaa maji, maana vikijaa havifanyi kazi yoyote. Usifungie silaha kwenye sanduku lisilopumua ukidhani umeizuia hewa. Umefungia ndani hewa ya Mombasa pamoja na unyevu wake.

Wakati wa kaskazi nyumba iliyo mbali na ufuo inaweza kukaa wiki mbili tatu kati ya kufuta na kufuta. Kusi na masika zikiingia, mwezi wa nne mpaka wa sita, ifute kila wiki hata kama hukuigusa, na baada ya kila siku uliyoibeba, usiku uleule. Ukiwa na silaha uliyovuka nayo feri ya Likoni ukiwa umesimama upande wa upepo, ihesabu kuwa imenyeshewa maji ya bahari, na uanze na kitambaa cha maji moto.